Deni la Chuo na Elimu ya Viumbe



Mwezi huu tumeletewa barua na mzee mmoja wa pande za Kondoa, ambaye jina lake twalisitiri kwa kuwa ndivyo alivyotutaka. Binti yake amemaliza kidato cha sita katika masomo ya Fizikia, Kemia na Bayolojia. Amefaulu vizuri, ingawa hakuzifikia alama za kuingilia udaktari. Sasa moyo wake umependa kusoma shahada ya bayolojia, yaani elimu ya viumbe, huko Dodoma. Mama yake ameridhia. Mjomba wake, ambaye ana kazi yake mjini, amesema kuwa shahada hiyo haimpikii mtu ugali. Na mzee mwenyewe amekaa katikati yao: hataki kumnyima mwanawe elimu, wala hapendi kumwona akiyaanza maisha hali ya kuwa ni mdeni. Anatuuliza kama mkopo wa serikali una riba, na kama ni heri auze ng'ombe wake ili binti asikope, na kama elimu yenyewe ina riziki.

Barua hii tumeisoma mara mbili, kwani twajua kuwa si ya nyumba moja. Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, maneno haya husemwa katika nyumba nyingi kuanzia Kondoa hadi Manyoni, na aghalabu husemwa kwa haraka, siku chache tu kabla ya maombi kufungwa, na karatasi hutiwa saini na watu ambao hawajazisoma.

Tuanze na riba, maana mzee huyu ameonyesha kuwa ndiyo inayomnyima usingizi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Kwa miaka kadhaa ilikuwa ikitoza asilimia 6 kila mwaka juu ya deni, na tozo hiyo ikaitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Jina lilikuwa la upole, lakini deni la kijana aliyekaa bila kazi lilikuwa likiota kama magugu ya masika, na kuna waliolipa miaka mingi ndipo wakaambiwa kuwa bado wanadaiwa karibu na kile walichokopa. Mwislamu aliyeiona tozo ile akaogopa, sisi hatumlaumu. Basi mwaka 2021 tozo hiyo ilifutwa, na pamoja nayo ikafutwa adhabu ya asilimia 10 waliyokuwa wakitozwa waliochelewa kulipa. Iliyobaki ni asilimia 1 ya gharama za kuuendesha mkopo.

Je, hiyo asilimia 1 nayo ni riba? Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 liliangalia jambo la namna hii, likaona kuwa yafaa mkopeshaji kuchukua ujira wa kazi ya kuutoa na kuusimamia mkopo, maadamu ujira huo hauzidi gharama zenyewe. Ukizidi, ile ziada ni riba. Kwa kipimo hicho, sisi twaona kuwa mkopo wa leo ni mwepesi mno kuliko ule wa kabla ya 2021. Asiyetulia moyo na amwendee sheikh wake na karatasi ya mkataba mkononi, amsomee masharti yote, wala asimwendee na maneno ya mtaani.

Lakini kukosekana kwa riba hakulifanyi deni kuwa jambo dogo. Sote twajua habari ya yule maiti aliyeletwa ili Mtume, rehema na amani zimshukie, amsalie, ikasemwa kuwa anadaiwa dinari mbili, naye akajizuia mpaka Abu Qatada alipozichukua dinari hizo juu yake. Dinari mbili! Twaikumbusha habari hii kwa sababu mwombaji wa mkopo hutakiwa awe na mdhamini, na tumewasikia wazee wakisema kuwa kudhamini ni kuandika jina tu ili mtoto asikwame. Sivyo. Anayedhamini ametia shingo yake pamoja na ya mwanawe, na yampasa ajue ni kiasi gani.

Basi na tujue ni kiasi gani. Chukueni kalamu.

Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 ni shilingi 600,000. Tukikadiria siku 240 za masomo kwa mwaka, ni shilingi 2,400,000. Tuongeze 200,000 za vitabu na karatasi, kisha tuweke ada, kwa mfano, 1,200,000. Mwaka mmoja umekuwa 3,800,000, na miaka mitatu ni 11,400,000. Ile asilimia 1 ni 114,000. Jumla ni shilingi 11,514,000, na hapo hatujatia fedha ya mafunzo kwa vitendo. Si kila mwombaji hupewa yote haya. Bodi hupima hali ya kila nyumba, na wengi hupata sehemu tu. Lakini anayetaka kujua kina cha mto huuliza mahali palipo virefu.

Sasa tutazame malipo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Zamani ilikuwa asilimia 8. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, na wale waliokuwa wamekopa chini ya kipimo cha kwanza wakakatwa kwa kipimo cha pili. Jambo hilo liliwaumiza wengi, nasi hatuoni kuwa ni uzuri mtu kufunga ahadi kwa masharti haya na kuilipa kwa masharti mengine. Twalitaja ili msomaji ajue kuwa kiwango cha leo kimewekwa na sheria, na sheria hubadilishwa.

Tumchukue mwajiriwa mwenye mshahara wa shilingi 800,000. Hatusemi kuwa ndio mshahara wa kazi fulani. Tumeichagua namba hiyo kwa wepesi wa hesabu, na kila mtu na aweke yake, kwani mishahara ya serikali imekuwa ikisogea. Mei Mosi ya 2025, iliyofanyika Singida, ilitangazwa kuwa kima cha chini kitatoka 370,000 na kuwa 500,000 kuanzia Julai. Huyu wa 800,000, kwanza atakatwa asilimia 5 ya hifadhi ya jamii, ambayo ni 40,000. Kodi katika 760,000 zilizobaki ni 68,000. Bima ya afya ya asilimia 3 ni 24,000. Mkopo wa chuo, asilimia 15, ni 120,000. Zitakazomfikia mkononi ni 548,000, wala si zile 800,000 zilizotangazwa sebuleni siku ya kupata kazi. Kwa makato hayo, deni letu la 11,514,000 litamalizika kwa miezi 96, yaani miaka minane kamili.

Miaka minane si kifungo. Mtu huishi, huoa au huolewa, hujenga chumba baada ya chumba. Lakini akipata kazi katika shule ya binafsi kwa mshahara wa 400,000, makato yatakuwa 60,000 kwa mwezi, na deni lile lile litachukua miaka 16. Aliyehitimu na umri wa miaka 23 atakuwa na mtoto wake mwenyewe katika sekondari ilhali bado anailipia bayolojia. Na asiyepata kazi kabisa hupewa miezi 24 tangu kumaliza masomo. Ikipita hiyo, hudaiwa, awe na mshahara au asiwe nao.

Hapo ndipo tunapolifikia neno la mjomba. Sisi hatukubaliani naye, wala hatumkatai kabisa.

Wanaosema kuwa elimu ya viumbe haina faida katika nchi hii ya kati yawapasa waende Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale mashamba makubwa ya karanga, wakaleta matrekta na mabwana wengi, wakakata msitu kabla ya kuujua vema udongo wala mvua ya mahali. Ardhi ikakauka ikawa ngumu kama sakafu, karanga zikakataa kutoka. Ilipofika 1951 mradi uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Na huko kwao mzee wetu, Kondoa, wazee wanakumbuka jinsi milima ya Irangi ilivyoliwa na makorongo, mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulipoanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika. Watu walilia kwa ajili ya ng'ombe wao. Lakini majani yakarudi, na miti ikarudi. Kazi zile zote mbili, iliyoharibika na iliyofaulu, zilikuwa kazi za kuujua udongo na kinachoota juu yake.

Tena hata leo, mtama na uwele huchunguzwa Hombolo, zabibu huchunguzwa Makutupora, malisho ya wanyama Kongwa. Hapana shaka kuwa wenye elimu hii wanahitajiwa. Lakini kuhitajiwa ni jambo moja, na kuajiriwa ni jambo jingine. Vituo kama hivi havichukui vijana wengi kila mwaka, na mara nyingi hutaka aliyeongeza shahada ya pili.

Kuna kosa moja ambalo limewagharimu watoto wengi, nalo twataka kulisema wazi. Wazazi, na hata wanafunzi wenyewe, hudhani kuwa mwenye shahada ya bayolojia aweza kuingia katika maabara ya hospitali akapima damu. Hawezi. Kazi hiyo ina Baraza lake, ambalo huwasajili wale waliosoma sayansi ya maabara za afya, na aliyesoma bayolojia tupu hamo katika daftari hilo, hata akiwa na alama nzuri kuliko wote. Kadhalika mwenye shahada ya bayolojia bila ualimu hawi mwalimu kamili mpaka asome stashahada ya uzamili ya ualimu, ambayo ni muda mwingine na ada nyingine. Basi yule aliyechukua deni la miaka mitatu hujikuta mbele ya milango miwili aliyoitegemea, na yote miwili yataka ufunguo ambao hakuununua.

Kwa hiyo swali si kama bayolojia ina riziki. Swali ni bayolojia ipi. Binti akichukua shahada ya sayansi pamoja na ualimu, muda ni ule ule wa miaka mitatu, na deni karibu ni lile lile, lakini atatoka akiwa na kazi yenye jina. Shahada hiyo inapatikana Dodoma, na hata katika Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza kufundisha mwaka 2005. Nayo si ahadi ya mshahara: mwaka 2016 ajira za serikali zilisimamishwa kwa uhakiki wa watumishi, na walimu waliohitimu wakati ule wakakaa nyumbani wakisubiri. Lakini ajira zilipofunguliwa, wa sayansi na hisabati ndio waliotangulizwa, na kwa miaka mingi mwalimu wa sayansi amekuwa akitafutwa zaidi kuliko wenziwe.

Au ikiwa moyo wake uko katika maabara za hospitali, na aende moja kwa moja katika stashahada ya maabara za afya; na ikiwa uko katika wanyama, hapo Mpwapwa kuna chuo cha mifugo. Tangu mwaka 2023/24 Bodi imeanza kuwakopesha hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada, katika masomo yaliyochaguliwa. Twajua kuwa neno "stashahada" halipendezi masikioni mwa jamaa kama neno "shahada". Mtu husema "binti yangu yuko chuo kikuu" na mabega yakapanda. Lakini Bodi haikati mabega, hukata mshahara.

Na kabla ya kukopa senti moja, mzee aulize kama alama za binti zinaweza kumpatia ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/23 kwa kutengewa shilingi bilioni 3, kwa ajili ya wanaofanya vizuri mno katika masomo ya sayansi. Huo ni msaada, haurudishwi. Wanaoupata ni wachache, lakini kuuliza hakuna gharama.

Sasa ng'ombe. Mzee anasema ana majike saba, madume matatu na ndama. Sisi hatuwezi kumwambia auze wote ili binti asome bila deni. Ng'ombe wale ndio chakula cha wadogo zake watatu, ndio matibabu ya mama yake, na ng'ombe jike aliyeuzwa leo amekwenda na uzao wake wote. Kumwepusha mtoto mmoja na deni kwa kuwaacha wengine bila kitu siyo uadilifu, na mtoto mwenyewe akiwa na akili hatalikubali. Lakini pia hatumshauri aseme "serikali italipa" kisha akunje mikono. Kama binti atapewa mkopo wa sehemu, dume mmoja kwa mwaka aweza kuziba pengo. Kama atapewa wote, basi wale majike na wabaki, wazae, ili akimaliza na asipate kazi mara moja, ile miezi 24 isimkute mikono mitupu. Hakuna azuiliwaye kulipa kabla ya kudaiwa. Kiangazi chaweza kuua mifugo, hilo tunalijua. Ndiyo maana hatusemi aweke tumaini lake lote zizini.

Mjomba naye, kwa kuwa amekuwa mwepesi wa kusema, twampa kazi. Katika jamaa zetu harusi moja hukusanyiwa mamilioni kwa vikao vya majuma machache, kwa kadi, kwa simu, kwa kusutana. Kijana wa jamaa hiyo hiyo akikosa ada ya laki tatu, kila mtu huwa na udhuru. Mjomba na akusanye jamaa mara moja, kama vile angekusanya kwa harusi. Na wenye kutoa zaka wakumbuke kuwa mwenye deni aliyeshindwa kulipa ni mmoja katika wale wanane wanaostahiki.

Binti yetu, nawe twakuambia neno. Bumu si zawadi. Utapewa laki sita mkononi nawe una miaka 20, na hujawahi kushika fedha kama hizo. Wenzako watanunua simu na nguo juma lile lile. Simu ya laki nne iliyonunuliwa kwa bumu utailipia ukiwa mke na mama, ilhali imekwisha kuharibika zamani. Na siku utakapochumbiwa, mwambie mchumba kuwa una deni, na ni kiasi gani. Kwa sheria yetu mali yako ni yako, na mume hana amri juu ya mshahara wako. Vivyo hivyo deni lako ni lako, wala halimpasi yeye kulilipa. Akilijua mapema hamtagombana juu ya karatasi ya mshahara.

Wako watakaosema kuwa enzi za Mwalimu elimu ilikuwa bure. Ni kweli kwamba mwanafunzi hakulipa ada, lakini hata wakati ule hapakukosekana ugomvi juu ya kile ambacho msomi aliwiwa na nchi. Mwaka 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana, kwa sababu walitakiwa wafanye Jeshi la Kujenga Taifa miaka miwili na kwa muda mwingi wa hiyo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Zaidi ya 300 walirudishwa makwao. Asilimia 15 ya leo ni ndogo kuliko ile, ingawa hudumu muda mrefu zaidi.

Mwisho wa hesabu twamwomba mzee afanye hivi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani inahusu deni, na imetuamrisha tuliandike. Basi kabla ya kutia saini, wakae yeye, mkewe, binti na mjomba, usiku mmoja, na karatasi moja. Waandike jina la shahada, kazi ambayo binti anaitazamia, chombo kinachosajili watu wa kazi hiyo, jumla ya deni, na makato ya kila mwezi kwa mshahara mdogo kabisa anaoweza kuukubali. Binti aiandike kwa mkono wake. Mahali pa kazi pakibaki wazi, wasiijaze fomu ya chuo usiku huo. Waende kwanza kwa mtu aliyemaliza shahada hiyo miaka mitatu iliyopita, wamuulize anafanya nini sasa. Dodoma hawakosekani.

Akituandikia tena kutueleza walichoamua, tutafurahi. Na ndugu yetu wa Mpwapwa aliyeuliza juu ya mirathi ya shamba lisilogawanyika, tumeipokea barua yake, tutamjibu mwezi ujao, inshaallah.